Nani Amwamkie Nani

Sinema ile ilikuwa na jina lake la Kiingereza, lakini kwetu hakuna aliyelitumia. Tuliiita Baba Kijana. Gari la sinema lilipokuwa bado linanguruma kwenye kona za chini ya Mgwashi, kijiji chetu, watoto walishatangulia barabarani kuuliza, "Baba Kijana yumo?" Bwana sinema akitoa kichwa dirishani na kusema yumo, habari ilipanda mlima upesi kuliko gari. Akisema hayumo, safari hii ameleta ya kupe na josho la ng'ombe, watu walikuja vilevile, ila walikuja wamenuna.

Mimi naandika polepole. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo kalamu naishika baada ya kazi, mistari mitano au sita kwa siku. Nimeanza na sinema hii kwa sababu kila nikitaka kuandika habari za bibi yangu, mama yake mama, naikuta imekaa mlangoni.

Mara ya kwanza nilikuwa darasa la nne. Walitaka kuionyesha nje, uwanja wa shule, jua likishatua. Kitambaa cheupe kikafungwa kwenye miti ya goli. Ukungu ukashuka kutoka msituni kama kawaida yake, na mwanga wa mashine ukaishia humo humo. Tuliona nguzo ndefu ya mwanga imelala hewani na ukungu unachemka ndani yake, lakini picha hakuna. Sauti tu. Watu walikaa wakisikiliza Kiingereza cha ukungu mpaka baridi ikawashinda. Kesho yake mwenyekiti wa kijiji akafungua ghala la ushirika mchana kweupe, magunia na mablanketi yakatundikwa madirishani, na sinema ikaonyeshwa humo, sisi tumekaa sakafuni penye harufu ya kahawa na viazi. Tangu mwaka ule ikawa desturi. Kwetu sinema ni kitu cha mchana.

Hadithi yenyewe si ndefu. Kuna kijana wa miaka kama ishirini na mitano, ana binti mdogo asiye na mama. Ugonjwa umemaliza nafaka zote duniani, na wakubwa wanamwambia aende kwenye nyota moja ya mbali kuleta mbegu. Anaagana na binti yake mlangoni, mtoto ameshika mwimo wa mlango, hasemi. Kisha anavaa nguo nene nyeupe, glavu, na kofia kubwa yenye kioo mbele. Bibi yangu alipomwona amevaa hivyo akasema kwa sauti, "Huyu anakwenda kurina asali." Watu walicheka, lakini neno likabaki. Hata miaka ya baadaye mtu akikuta mambo ya angani kwenye gazeti, alisema ni wale warina asali.

Kijana anapanda chombo kirefu kama pipa la lami lililochongwa ncha. Huko kwenye nyota kuna majua mawili, na mashine yenye jicho moja la taa inayomzuia kuchukua mbegu, na mambo mengi ambayo watoto tuliyacheza mwaka mzima kwa madebe na mabua ya mahindi. Anazipata mbegu. Anarudi. Kwake yeye ni safari ya miaka miwili. Lakini anapofika nyumbani, mlango ni ule ule, mwimo ule ule, na aliyeushika ni bibi kizee mwenye fimbo. Ni binti yake. Wanatazamana. Hapo sinema inakwisha.

Mwalimu mkuu ndiye aliyesimama kando ya kitambaa mwaka ule, akitueleza kwa Kiswahili, na wazee wakielezana wao kwa wao kwa Kishambaa. Alihangaika sana kutufafanulia jambo la miaka. Akachora duara hewani, akasema mwendo, akasema kasi. Wazee waliokuwa wamefanya kazi ya mkonge huko Magoma na Korogwe, kwa zile kadi za siku za kazi ziitwazo vipande, wakamhurumia.

"Mwalimu, usijitese," mmoja akamwambia. "Ni kipande cha mkonge. Kipande kinasema siku thelathini, lakini wenye shamba wanahesabu zao na mke wako nyumbani anahesabu zake. Ukirudi na kipande kimekwisha, ndama uliyemwacha ananyonya amekuwa ng'ombe."

"Hasa!" wengine wakaitikia. "Ni kipande tu!"

Basi jambo la miaka likaisha hapo, na mwalimu akabaki na duara lake.

Lisiloisha lilikuwa lile la mlangoni. Bibi kizee wa kwenye picha alipotazamana na kijana, midomo yake ilitikisika kidogo. Mwalimu akasema, "Anasema, shikamoo baba."

Ghala likalipuka.

"Haiwezekani! Mtu mzima na fimbo yake amwamkie mtoto?"

"Mtoto gani? Si baba yake?"

"Baba hana hata mvi!"

"Kwani mvi ndizo zilizomzaa?"

Wakatoka nje bado wanabishana, wakapanda njia wanabishana, na nyumba zilizo mbalimbali zikaitana kwa ubishi ule mpaka moshi wa jioni. Mtu asiyejua kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini kwetu mtoto hutandikwa kwa kumpita mkubwa bila shikamoo, na mkubwa akimtangulia mdogo kwa shikamoo, ni kama amemvisha nguo isiyo yake. Sasa huyu na yule, mkubwa ni nani?

Mwaka wa pili mwalimu alikuwa likizo, akafasiri bwana shamba, mtu wa pwani. Yeye akasema kijana ndiye anayesema, tena anasema shikamoo bibi, kwa kuwa hajamtambua.

"Bwana shamba, kwenu pwani watu hawawajui watoto wao?" mtu akamuuliza kutoka gizani.

Mwaka wa tatu mwenyekiti wa kijiji akaona ubishi huu unapunguza watu kwenye shamba la kijiji, kwa maana hata majembe yalikuwa yakisimama kwa ajili yake. Akaamua kuumaliza. Picha ilipofika pale mlangoni akainuka yeye mwenyewe, akasema, "Wananchi, sikilizeni. Wanasema, habari za siku nyingi, ndugu. Wote wawili. Ndugu kwa ndugu. Siku hizi hatubaguani kwa umri."

Kisha nikasikia sauti ya bibi yangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu.

"Mwanangu mwenyekiti," akasema, "tumesikia mashamba ya mkonge yametaifishwa. Shikamoo nayo imetaifishwa lini?"

Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akaketi.

Aliyeupenda ubishi huo kuliko wote alikuwa kijana mmoja wa jirani yetu aliyerudi kutoka Magamba alikokuwa akipasua mbao. Alirudi na mabega mapana na maneno mengi. Mwaka ule ule wa tatu ndiye aliyegundua kwamba chombo cha angani kimening'inizwa kwa uzi.

"Naona uzi! Jamani, uzi huo! Tumedanganywa!"

"Kaa," akaambiwa na akina mama. "Hata wewe una uzi wako, hatuusemi."

Mwaka uliofuata kila mtu aliutafuta ule uzi, akauona, na hakuna aliyeacha kuogopa chombo kilipotikisika. Mimi mwenyewe nimefikiri sana kwa nini. Tulijua ni uzi, tulijua lile jua la pili ni taa, na kupe wa kwenye sinema ya josho alikuwa wa kweli kabisa, ametolewa kwa ng'ombe wa kweli. Lakini hakuna aliyebeba kupe yule kwenda naye nyumbani. Baba Kijana tulimbeba.

Msimamo wa mpasua mbao ulikuwa mmoja. Umri ni wa mwili. Kijana ni kijana, amwamkie bibi kizee. Alipokutana na bibi yangu njiani alimchokoza kila mara.

"Shikamoo bibi. Unaona? Kijana amemwamkia mzee. Dunia haijapasuka."

"Marahaba. Lakini wewe hukunizaa."

"Nashukuru sikukuzaa bibi, ungenisumbua."

Na bibi akicheka alishika ubavu, kwa sababu kifua kilikuwa kimeanza kumuuma.

Mimi sikuwa na upande. Nilikuwa msichana wa kunyamaza. Shuleni mwalimu akiuliza, nilijua jibu, lakini niliona heri nipigwe kuliko kusimama watu wote wanitazame. Nyumbani kwa bibi nilipelekwa nimsaidie kazi, nikakaa moja kwa moja, na nadhani alinipenda kwa sababu hiyo. Yeye alikuwa na maneno, mimi nilikuwa na masikio. Katika nyumba tulikuwa sisi wawili na mjomba, mwanawe wa mwisho.

Baada ya sinema ya mwaka wa tatu macho ya bibi yaliingia ukungu. Mganga wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho na akataka aende hospitali ya Bumbuli. Bibi akakataa. Akasema ameshaona vya kutosha, vilivyobaki atasimuliwa. Siku moja tulikuwa tunachambua maharage, yeye kwa vidole tu, bila kuona, na hakuna jiwe lililompita. Akasema, "Hivi yule bibi wa kwenye picha alisema nini hasa?"

Nikamwambia sijui.

"Wewe una Kiingereza."

"Kidogo, bibi. Na watu walikuwa wanapiga kelele."

"Kila mwaka wanapiga kelele hapo hapo," akasema. "Wanabishana mpaka anayesema hasikiki."

Akaendelea kuchambua. Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia, wala mjomba hakuwahi kuisikia.

Baba yake alichukuliwa wakati wa vita ya Wajerumani, kubeba mizigo. Bibi alikuwa mtoto wa kung'oka meno ya kwanza. Walipita njia ya bonde, mstari wa watu, na baba yake alipofika penye shamba lao akachomoka kidogo kwenye mstari, akavunja muwa, akampa kipande, akamwambia asile njiani kama mtoto asiye na kwao. Kisha akarudi kwenye mstari. "Nikala pale pale njiani," bibi akasema. "Nikawa namtazama visigino. Kimoja kilikuwa kimepasuka. Nilikitazama mpaka kona." Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake.

"Alikuwa kijana," akasema. "Ndevu zake zilikuwa hazijatosha kukamata. Sasa mimi nimekuwa hivi. Nikifika huko ahera, nikamkuta..."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Kwani huko hakufikiwi? Nikamkuta amesimama, kijana vile vile, na mimi na fimbo yangu. Nikinyamaza, ataona mtoto wake hakufunzwa. Nikimwamkia na hanijui, ataona kibibi hiki kinamdhihaki. Na yeye akinitangulia, baba yangu mzazi akaniambia mimi shikamoo," hapo akaacha maharage, "hiyo nitaiweka wapi?"

Mjomba alipoambiwa alicheka, halafu akaona bibi hacheki, akampeleka kwa shehe. Shehe alimsikiliza kwa upole, akamwambia asihofu, huko peponi watu wote watakuwa rika moja. Bibi alirudi hajatulia kabisa. "Rika moja na baba yangu!" akaniambia. "Amenizidishia."

Ndipo akaweka tumaini lake kwenye sinema. Aliona kwamba walioitengeneza wamefikiri mbali, mpaka kwenye majua mawili, basi hawakosi kulifikiria na hili. Yule bibi wa mlangoni alisema neno. Lilikuwepo. Ni sisi tuliolifunika kwa makelele. Akanipa kazi: gari likija, nikae karibu na spika, nisikie neno lile hasa, nimwambie yeye peke yake.

Mwaka ule masika yaliharibu barabara na gari likachelewa. Bibi akawa analala sana. Kifua kilikuwa kinalia kama mlango. Asubuhi nikimpelekea uji aliniuliza kwanza, "Gari?" Nikasema bado. Nilianza kuogopa kwamba gari halitakuja, na nikaogopa kuja kwake pia, kwa sababu Kiingereza changu nilikijua mwenyewe. Nilitafuta daftari zangu za zamani, nikasoma tena salamu zote zilizomo, za asubuhi, za mchana, za kuagana. Hakuna hata moja iliyouliza mkubwa ni nani.

Gari lilipofika, sikungoja watoto. Nilishuka mwenyewe mpaka ghalani. Bwana sinema alikuwa anashusha masanduku. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Nikamwamkia, nikasimama. Akanitazama, akasema, "Yumo, yumo. Ila safari hii ni ya mwisho. Mkanda umechakaa, umeungwa kila mahali. Nikirudi mjini naukabidhi."

Nikamuuliza. Sijui nilimuulizaje, lakini alinielewa.

"Pale mlangoni?" akasema. "Mwanangu, mimi kazi yangu ni kuzungusha. Na pale sijawahi kusikia kitu. Mlalo wanapiga kelele pale, Soni wanapiga kelele pale, Bumbuli nusura wavunje madawati. Nikileta sinema nyingine wananiuliza Baba Kijana yuko wapi. Nikimleta, wananiziba masikio."

Siku ya sinema mjomba alimbeba bibi mgongoni sehemu za mteremko, penye tambarare akatembea mwenyewe ameshika bega langu. Njia ya nusu saa tuliifanya asubuhi nzima. Ghalani watu wakampisha, akawekewa kigoda mbele kabisa, karibu na spika, mimi sakafuni kwenye miguu yake. Alijifunga shuka mbili. Mpasua mbao alikuwa nyuma yetu kidogo na wenzake, nikamsikia anaahidi kwamba leo atahesabu nyuzi zote.

Nikamsimulia bibi chini chini. Sasa anaagana na mtoto. Sasa anavaa za kurina asali. Mkanda ulikatika mara tatu, taa ya mashine ikabaki nyeupe kwenye kitambaa, watu wakapiga miluzi, bwana sinema akaunga. Kila ulipokatika kipande kilikuwa kimepungua, lakini nyuma yangu watu walikijaza wenyewe: "Hapo alianguka." "Hapo ile mashine ilimpiga taa." Hakuna aliyepotea. Bibi mwenyewe alinisahihisha mara moja, nilipoliruka jua la pili.

Chombo kikarudi. Kijana akavua kofia. Na kabla hata hajafika mlangoni, wakaanza.

"Haya, tusikie leo! Nani anaanza?"

"Baba! Baba ni baba!"

"Umri ni wa mwili!" Huyo alikuwa mpasua mbao. "Mwili, siyo wa daftari!"

"Mwili wako wewe una adabu gani?"

Kelele zikajaa mpaka sauti ya spika ikazama. Nikasogeza sikio karibu nayo, hola. Mkono wa bibi ukanishika kichwani. Haukusukuma, ulikaa tu. Kwenye kitambaa kijana alikuwa anapanda njia ya kwao, hatua kama ishirini zilikuwa zimebaki, nilizijua.

Nikasimama.

Kichwa changu kikaingia kwenye mwanga, na kivuli chake kikaenda kukaa kwenye picha, kikubwa, juu ya mlango wenyewe.

"Kichwa! We, kaa chini!"

"Naombeni," nikasema. Haikutoka. Nikasema tena, na safari hii ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Naombeni mnyamaze! Bibi yangu anataka kusikia!"

"Ala," mpasua mbao akasema, "kumbe ana sauti!"

Wachache wakacheka. "Anaumwa," nikasema. "Ana baba yake. Alichukuliwa vitani. Alikuwa kijana. Anataka kujua watamkianaje." Nilisema vile, nikakosea hata neno, na hakuna aliyenicheka. Nikakaa.

Sijui ni nani aliyenyamaza kwanza. Naona walinyamaza kama mvua inavyokatika kwetu, upande mmoja wa bonde kwanza, halafu wa pili. Mashine ikasikika inazunguka. Mtoto akalia mgongoni kwa mama yake, akabembelezwa. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama kando ya kitambaa na fimbo yake, alifumbua kinywa, akakifumba.

Kijana akafika. Bibi kizee ameshika mwimo. Midomo yake ikatikisika.

Nikangoja. Kwenye spika kulikuwa na upepo, na bawaba ya mlango inayolia. Basi. Hawakusema kitu. Miaka yote ile maneno hayakuwepo. Ni sisi tulioyatia.

"Wamesema nini?" bibi akauliza.

Alidhani ananong'ona, lakini ghala zima lilimsikia.

"Hawajasema, bibi," nikamjibu. "Wanatazamana."

"Bado?"

"Bado."

"Yeye amevua kofia?"

"Amevua. Ameishika mkononi."

Bibi akashusha shuka ya juu kutoka kichwani, akainamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo mtoto. Akasema mbele yake, kwenye ule upepo wa spika, bila haraka:

"Shikamoo, baba."

Nami nikajua kwamba sasa ndipo nimefanya vibaya, nimemleta mbele za watu aseme shikamoo isiyo na wa kuipokea, na shikamoo isiyopokewa kwetu ni aibu kuliko isiyotolewa. Nikashika mguu wake.

Nyuma yetu sauti ya mwanamume, ya kijana, ikajibu:

"Marahaba, mwanangu."

Haikuwa na mzaha hata kidogo. Kisha mkanda ukaisha, ncha yake ikawa inapigapiga kwenye gurudumu, na bwana sinema akachelewa sana kuizima mashine.

Tuliporudi, njia nzima bibi hakusema habari hiyo. Alisema tu kwamba viatu vya mjomba vinanuka. Penye kona ya mwisho akaniuliza, "Ile sauti ilikuwa ya kijana, sivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Nilijua."

Hakuuliza ni kijana gani, nami sikusema, ingawa nilimjua, na nadhani yeye alimjua kabla yangu. Kesho yake mpasua mbao alipita na mzigo wa kuni, akamkuta bibi anaota jua. Nikaona anasita. Kisha akasema kama siku zote, "Shikamoo bibi," ila bila uchokozi nyuma yake. Bibi akacheka, akashika ubavu. "Marahaba, baba," akasema. Kijana akashusha zile kuni mlangoni kwetu, na tangu hapo alizileta kila Ijumaa. Bibi akamwita baba mpaka mwisho, na hakuna aliyeona ajabu, maana mabibi wote wa kwetu huwaita vijana baba.

Ubishi ghalani haukuisha. Gari halikuja tena na Baba Kijana, lakini hata juzi nimewasikia vijana waliokuwa watoto wa mgongoni siku ile wakigombania nani amwamkie nani, na mmoja anaapa kwamba yeye aliuona uzi. Mpasua mbao akiulizwa husema tu kwamba yeye amehama upande.

Bibi alifariki miezi ya baridi ilipoanza. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo haya niliambiwa na mjomba. Alisema kaburi lilipokuwa tayari, na wakitafutwa watu wa kushuka ndani kumpokea, mpasua mbao alivua viatu bila kuambiwa, naye akashuka. Ukungu ulikuwa mzito, walioko juu walimwona nusu. Mjomba aliyekuwa upande wa kichwa alisema kwamba walipoteremshiwa mwili, yule kijana alinyosha mikono, halafu akangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza. Ndipo akampokea.